Mkono wa Tabibu ni Amana



Kila sifa njema ni za Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu akamsawazisha hadi ncha za vidole vyake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, maswahaba zake na kila atakayefuata mwendo wao hadi siku ya malipo. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, katika Suratu Yasin aya ya 65 Allah anatueleza habari ya siku ambayo vinywa vitapigwa muhuri. Siku hiyo ulimi, ambao hapa duniani ndio wakili wetu mkubwa, utanyamaza. Mikono ndiyo itakayosema, na miguu itatoa ushahidi wa yale tuliyoyachuma. Sura hii tunaisoma kwa wagonjwa wetu, tunaisoma kwa maiti zetu, wengi wetu tumeihifadhi tangu madrasa. Leo nataka tuisome aya hiyo kama wanafunzi wa udaktari, uuguzi na ukunga, watu ambao kazi yao ni kuigusa miili ya waja wa Allah kwa mikono hii hii itakayosimamishwa shahidi. Na ninyi mnaosoma sheria, ualimu au biashara msifunge ukurasa, nina neno na ninyi pia kabla sijamaliza.

Mimi ni mzaliwa wa Muyinga, kaskazini-mashariki ya Burundi, karibu na mpaka wa Kobero unapovuka kwenda Ngara, Tanzania. Kwetu Uislamu na Kiswahili vilifika pamoja, kwa njia ya biashara, na mpaka leo mtu akisema Kiswahili sokoni wengine humdhania Mwislamu kabla hawajamuuliza jina. Sehemu ya mafunzo yangu ya vitendo niliifanyia Mutoyi, vilimani upande wa Gitega, kwenye hospitali iliyotokana na misheni ya Kikatoliki. Waislamu huko si wengi. Nilikuwa naswali adhuhuri yangu kwenye chumba kidogo karibu na stoo, na hakuna aliyenikera kwa hilo.

Anayezijua hospitali za vilimani ataelewa ninachotaka kusema. Mgonjwa hufika kwa miguu, au kwenye baiskeli, au amebebwa na majirani kwenye ingobyi, mabegani mwao, wakipokezana juu ya utelezi wa mvua. Akifika, umeme unaweza kuwepo na unaweza kukosekana. Kipimo cha maabara kinaweza kuwepo na kinaweza kuwa kimekwisha. Kitu ambacho hakikosekani ni mikono miwili ya anayempokea. Basi huko ndiko nilikofahamu kwamba mkono ndio chombo cha kwanza cha tabibu, na ndicho atakachobaki nacho siku vyombo vingine vyote vitakapomwishia.

Tazameni mkono uliofundishwa unaweza kujua nini. Mtoto analetwa amevimba uso na miguu, mama anasema amenenepa. Unabonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili kwa sekunde 3, unaachia, na shimo linabaki. Huo si unene, ni njaa. Kwa nchi yetu hili si jambo la kitabuni: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Mtoto mwingine anaharisha. Unaifinya ngozi ya tumbo lake kidogo na kuiachia, ikichelewa zaidi ya sekunde 2 kurudi unajua maji mwilini yamekwisha kwa kiasi cha hatari, wala hukuhitaji mashine kukwambia hivyo.

Mtoto wa tatu ana homa zinazorudi. Unaanza kumpapasa chini ya tumbo upande wa kulia, unapanda polepole kuelekea mbavu za kushoto, na kila akivuta pumzi unasikilizia kwa vidole kama wengu linashuka kukugusa. Wataalamu wa malaria wa zamani walikuwa wakipima ukali wa malaria wa sehemu kwa kuhesabu watoto ambao wengu wao unashikika. Sisi watu wa vilimani tuliwahi kudhani mbu wanaishi kwa wenzetu wa bondeni tu, mpaka lilipotupata janga la mwaka 2000 na 2001, ambapo visa zaidi ya milioni 3 vilihesabiwa katika nchi ambayo haikuwa hata na watu milioni 7.

Na mama mjamzito je? Mkunga anaweka viganja viwili juu ya tumbo, anatafuta kichwa, anatafuta mgongo, anatafuta makalio ya mtoto. Kisha anaweka kile kipembe cha kusikilizia mahali ambapo mikono imemwonyesha kuwa ndipo mgongo ulipo, na mapigo ya moyo wa mtoto yanasikika. Mtoto akishazaliwa, ikiwa damu haikatiki, mkono ule ule unageuka kuwa dawa. Unalisugua tumbo la uzazi hadi lijikaze liwe gumu kama mpira, na wakati mwingine maisha ya mama yanakuwa ndani ya viganja vya mtu mmoja mpaka sindano ifike au gari lipatikane. Allah anatufahamisha katika Suratul Maida aya ya 32 kuwa anayeihuisha nafsi moja ni kama amewahuisha watu wote. Nimeona kwa macho yangu aya hiyo ikitekelezwa na mkunga aliyekuwa hajala tangu asubuhi.

Ndugu zangu, mkono juu ya mgonjwa ni sunna. Katika Sahihi Bukhari tunapata kisa cha Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.) alipougua Makka, ugonjwa uliomfanya afikirie wasia. Mtume (s.a.w.) alikwenda kumzuru, akaweka mkono wake juu ya paji la uso wa Sa'd, kisha akapangusa uso wake na tumbo lake, akamuombea Allah amponye na amtimizie hijra yake. Sa'd aliishi miaka mingi baada ya hapo, akaongoza majeshi, akafungua nchi. Na alipokisimulia kisa hicho alisema kuwa bado anausikia ubaridi wa mkono ule kwenye ini lake. Fikirini. Vita vyote alivyopigana havikuufuta mguso mmoja wa siku aliyokuwa mgonjwa.

Tunapata vilevile katika Sahihi Muslim kuwa Uthman bin Abil-Aas (r.a.) alimshtakia Mtume (s.a.w.) maumivu mwilini. Mtume alimuelekeza aweke mkono wake mahali panapouma, amtaje Allah mara 3, kisha aombe hifadhi Kwake mara 7. Bi Aisha (r.a.) naye anatusimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akimpangusa mgonjwa kwa mkono wake wa kulia huku akimuomba Mola wa watu aondoe shida. Na alipougua yeye mwenyewe maradhi ya mwisho, Bi Aisha alimsomea, akamfuta kwa mkono wake Mtume mwenyewe kwa kutaraji baraka yake.

Wapo wanaosoma mapokezi haya wakatoka na fikra kwamba mkono na kisomo vinatosha, hospitali ni ya wenye imani dhaifu. Ndugu hao wakumbuke kuwa Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha Waislamu wajitibu. Katika Sunan Abu Daud imepokewa kuwa Sa'd alipougua moyo, Mtume aliweka mkono kifuani pake, akamwambia maradhi yake ni ya moyo, kisha akamwelekeza aende kwa Al-Harith bin Kalada, mtu wa kabila la Thaqif, kwa kuwa alikuwa akifanya utabibu. Wapo wanazuoni waliosema sanadi ya pokezi hili ina udhaifu, nami nalisema hilo wazi ili tusimzulie Mtume. Lakini maana yake inakubaliana na mafundisho mengine sahihi: unamgusa mgonjwa, unatambua, unamwombea, na jambo likiwa kubwa kuliko wewe unampeleka kwa anayejua zaidi. Ndiyo maana Abu Daud huyo huyo, pamoja na Nasai na Ibn Majah, wamepokea kuwa mwenye kutibu watu hali hajulikani kuwa na elimu ya utabibu atabeba dhamana ya madhara atakayoyasababisha. Mkono usio na elimu hausamehewi kwa kuwa nia ya mwenyewe ilikuwa nzuri.

Wanazuoni wetu wa tiba waliuheshimu mkono. Ibn Sina katika kitabu chake cha Al-Qanun aliandika kwa urefu juu ya mapigo ya mshipa na namna ya kuyasoma kwa vidole. Az-Zahrawi wa Qurtuba, Andalusia, alichora vyombo vya upasuaji kimoja kimoja ili mkono wa mwanafunzi usipotee. Na elimu hii haina taifa. Mwaka 1761 daktari wa Austria, Leopold Auenbrugger, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, alitangaza njia ya kugongagonga kifua kwa vidole ili kujua kama ndani kuna hewa au maji, kama watu wanavyogonga pipa kujua kinywaji kimefika wapi. Mpaka leo, ukiona daktari anaweka kidole mgongoni mwa mgonjwa na kukigonga kwa kidole cha mkono wa pili, anafanya kazi ile ile.

Sasa tujiulize: mikono yetu sisi itatoa ushahidi gani? Nauona mtihani wa aina nne.

Mtihani wa kwanza ni uvivu unaovaa nguo ya usasa. Mwanafunzi anasimama mwisho wa kitanda, anatazama faili, hamtazami mtu. Kabla hajaweka mkono tumboni ameshaandika ultrasaundi, eksirei na vipimo vitano vya damu. Sipingi mashine. Mashine ni neema, na malaria haithibitishwi kwa vidole, inathibitishwa kwa kipimo. Lakini mkono ndio unaojua ni kipimo gani kinahitajika. Tangu Mei 2006 kujifungua na matibabu ya watoto wa chini ya miaka 5 ni bure katika nchi yetu, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Baba wa watoto anayeumwa tumbo, huyo bado analipa. Kila karatasi unayomwandikia bila kumgusa, kuna mbuzi anayetolewa bandani au gunia la maharage linalouzwa kabla ya wakati wake kwa bei ya kutupa. Mali hiyo utaulizwa. Na wala usidhani kuwa mgonjwa hatambui. Mzee mmoja wa Mutoyi aliniambia, kwa Kirundi chake cha taratibu, kwamba pale alikotoka walimtibu lakini hawakumfikia. Mzee huyo alikuwa na karatasi nyingi mfukoni.

Mtihani wa pili ni karaha na kiburi. Kuna miili ambayo mikono yetu huisogelea haraka, na kuna miili ambayo mikono yetu huitafutia udhuru. Mwenye kidonda kinachonuka. Mlevi aliyeokotwa njiani. Mwenye virusi ambaye faili lake limetutangulia kwa minong'ono. Na kwetu Burundi kuna jambo ambalo hatulisemi mara nyingi: Mtwa. Ndugu zetu Batwa kwa vizazi vimekuwepo vyombo ambavyo hawakuruhusiwa kunywea, na mikeka ambayo hawakukaribishwa kuikalia. Ukimuona mwanafunzi Mwislamu anampima Mtwa kwa haraka haraka, juu ya nguo, kwa ncha za vidole, ujue ujahili bado umo mikononi mwake hata kama paji la uso lina alama ya sijda. Bilal (r.a.) alipandishwa juu ya Al-Kaaba kuadhini. Sisi tunashindwa kuweka kiganja juu ya tumbo la mtu?

Na tusijifanye hatujui historia ya nchi yetu. Baada ya Oktoba 1993 mikono ya Warundi ilifanya mambo ambayo nayo siku ile itayasema. Wazee wetu wanasimulia pia kuhusu Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, ulivyobaki mahali ambapo Mhutu na Mtutsi waliendelea kuishi mlango kwa mlango wakati mitaa mingine ikitengana. Basi katika nchi kama hii, daktari anayempapasa mgonjwa bila kumuuliza yeye ni wa kabila gani anafanya zaidi ya uchunguzi. Kila siku anauzoesha mkono wake, na anawazoesha wanaomtazama, kwamba mwili wa mwenzako unakaribiwa kwa wema.

Mtihani wa tatu ndio mnaoniuliza sana, kaka na dada zangu: kumgusa asiyekuwa maharimu. Hapa kuna makosa mawili yanayotazamana.

Kosa la kwanza ni kuvuka mipaka. Mkono unaofunua zaidi ya kinachohitajika, unaokaa zaidi ya muda wake, unaogusa bila idhini kwa kisingizio cha koti jeupe, huo ni mkono wa khiyana. Mgonjwa amelala, amevua nguo, ana hofu, na amekuamini. Hakuna amana iliyo uchi kuliko hiyo. Na hapa nataja jambo la sisi wanafunzi: mgonjwa mmoja mwenye tumbo linalouma, tunapanga mstari watu 10, kila mmoja anabonyeza apate kujifunza. Mgonjwa si kitabu cha maktaba. Akishapapaswa na wawili au watatu kwa ridhaa yake, wengine waelezwe.

Kosa la pili ni kuizuia rehema ya Allah kwa jina la dini yake. Bukhari amepokea kutoka kwa Rubayyi' bint Mu'awwidh (r.a.) kuwa wanawake walikuwa wakitoka na Mtume (s.a.w.) vitani, wakiwanywesha watu maji na kuwahudumia majeruhi. Rufaida Al-Aslamiyya aliwekewa hema akiwatibu waliojeruhiwa, na Sa'd bin Mu'adh alipopigwa mshale katika vita vya Khandaq alipelekwa kwake. Katika zama zetu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikaa kikao chake cha 8 nchini Brunei mwaka 1993, likaweka utaratibu ulio wazi. Mwanamke atibiwe na daktari mwanamke Mwislamu mwenye ujuzi. Asipopatikana, daktari mwanamke asiye Mwislamu anayeaminika. Asipopatikana, daktari mwanamume Mwislamu. Naye asipopatikana, mwanamume asiye Mwislamu. Kifunuliwe kile tu kinachohitajika, pasiwe na faragha ya wawili, awepo maharimu, mume au mwanamke mwaminifu. Kwa hiyo anayeniuliza kama mkewe anaweza kuhudumiwa na sista wa hospitali ya misheni, jibu analo hapo, na yupo daraja la pili, mbele yangu mimi Mwislamu mwanamume.

Kwetu Muyinga jirani yetu mmoja alijifungua usiku. Mtoto alitoka salama, damu haikukatika. Kwenye kituo aliyekuwa zamu alikuwa mwanamume peke yake. Wanaume wa familia walisimama mlangoni wakabishana, huku wakituma mtu akatafute mkunga wa kike aliyekuwa nyumbani kwake. Mkunga alifika. Alikuta shuka na godoro, na mama aliyekwisha kupoa. Nilikuwa kidato cha kwanza. Siku ya maziko sheikh wetu hakumlaumu mtu, alisoma Suratul An'am aya ya 119, ile inayobainisha kuwa vilivyoharamishwa vimeelezwa isipokuwa kile mtu anachokilazimikia, akakaa chini bila kuongeza neno. Mtoto yule sasa anasoma madrasa. Dharura hupimwa kwa kiasi chake, ndivyo wanavyosema mafaqihi, na mama anayevuja damu hana dakika za kutupa huku sisi tukipima.

Mnaojua historia ya tiba mnajua kuwa haya haikuwahi kuwa adui wa elimu. Mwaka 1816 huko Paris, daktari René Laennec alikuwa na mgonjwa, mwanamke kijana mwenye maradhi ya moyo. Desturi ya wakati ule ilikuwa daktari kuweka sikio lake moja kwa moja kifuani. Laennec aliona si staha. Akakunja karatasi ikawa kama bomba, akaweka upande mmoja kifuani na mwingine sikioni, akasikia vizuri kuliko alivyowahi kusikia. Hapo ndipo kilipozaliwa chombo mnachokining'iniza shingoni kwa fahari. Aliona haya na hakumwacha mgonjwa, akatafuta njia. Nanyi dada zangu, njia mojawapo ni ninyi. Kila binti Mwislamu anayemaliza ukunga, uuguzi au udaktari anawaondolea ubishi wanaume waliosimama mlangoni. Wazazi wanaowazuia mabinti kusoma fani hizi, kisha wakadai mkunga wa kike usiku wa manane, wanataka kuvuna wasichopanda.

Mtihani wa nne ni usafi. Mtume (s.a.w.) alifundisha, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, kuwa mtu akiamka asitie mkono wake chomboni kabla ya kuuosha, kwa kuwa hajui mkono wake ulilala wapi. Karne nyingi baadaye, mwaka 1847 mjini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona madaktari wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuwazalisha wanawake. Katika wodi yao walikuwa wakifa akina mama zaidi ya 10 katika kila 100. Alipowalazimisha kuosha mikono kwa maji yenye klorini, vifo vikashuka hadi karibu 2. Wenzake wengi walichukia kuambiwa kuwa mikono yao ndiyo inayoua. Sisi tunaotawadha mara 5 kwa siku, ni aibu kwetu kutoka kitanda hiki kwenda kile kwa mkono ule ule. Udhu wa swala hautoshi hapo. Osha kwa sabuni kabla ya kumgusa, osha baada ya kumgusa, na kama bomba halitoi maji, dai maji kwa uongozi kama unavyodai posho yako.

Ndugu zangu, kwa ufupi, nawausia mambo haya mnapomwendea mgonjwa:

1. Soma kwanza. Mkono usiojua unachotafuta unaumiza bure.
2. Osha mikono, kisha ipashe joto. Mutoyi asubuhi kuna baridi. Muuguzi mmoja mtu mzima pale, Mkristo, hakumgusa mtoto hata mmoja kabla ya kusugua viganja vyake vikapata joto. Adabu hiyo nimeichukua kwake nami naifanyia kazi.
3. Sema Bismillah moyoni, taja jina lako kwa mgonjwa, mwambie unataka kufanya nini, umwombe ruhusa. Hata asiyejua kusoma ni mwenye mwili wake.
4. Funika unachokimaliza kabla ya kufunua kingine.
5. Anza mbali na panapouma, umalizie panapouma, huku ukimtazama usoni, kwa kuwa uso husema kabla ya mdomo.
6. Unachokigundua ni siri yake. Kisifike kantini.
7. Ukimaliza usiukwapue mkono kama uliyeungua. Uweke begani au kwenye paji lake kwa kiasi cha staha, mwombee shifaa, hata kama ni kwa maneno mawili. Ikiwa si maharimu wako, dua inatosha.

Na ninyi msiosoma tiba, neno lenu ni hili. Katika hadithi qudsi aliyoipokea Muslim, Allah atamuuliza mwanadamu siku ya Kiyama kwa nini hakumzuru alipougua. Mja atashangaa: atauguaje Mola wa viumbe? Ataambiwa kuwa fulani, mja wake, aliugua, na lau angemzuru angemkuta Allah kwake. Huyo fulani huenda sasa hivi yuko hosteli, chumba cha tatu kutoka kwako, ana homa, amekosa kipindi siku mbili, na ujumbe aliopata ni wa kuulizwa kazi ya kikundi imefika wapi. Huhitaji shahada kumwekea kiganja kwenye paji la uso ukajua kuwa anaungua, ukampelekea uji, ukampeleka zahanati. Kaka amwendee kaka, dada amwendee dada.

Ewe Mola wetu, Wewe ndiye Mponyaji, hakuna shifaa ila shifaa Yako. Ijaalie mikono yetu iwe na elimu na upole. Tusamehe ambapo ilichelewa, ilipokaribia yasiyo haki yake na ilipojitenga na wanyonge. Warehemu akina mama waliokufa wakileta uhai, wahifadhi mayatima wao, waponye wagonjwa wa vilima vyetu na wa miji yetu, Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Na siku utakapovipiga muhuri vinywa, ifanye mikono yetu iseme yatakayotufaa.

Wa sallallahu ala nabiyyina Muhammad, wa ala aalihi wa sahbihi ajmain. Walhamdulillahi Rabbil aalamin.

Wabillahi tawfiq.